Namna ya Kuacha Kukionea Gere Kisiwa cha Mwenzio

Umekaa na kisiwa chako miezi minne. Una mapea yako, daraja la magogo, na kiti cha mbao ulichokiweka ufukweni siku ya pili na hujakiondoa kwa sababu unakipenda. Usiku mmoja unajilaza kitandani, mhusika wa gemu aitwaye Luna anakupeleka ndotoni kwenye kisiwa cha mtu usiyemjua, na ukiamka chako hukitamani tena. Kama gemu ya Animal Crossing: New Horizons imekufanyia hivyo, vua viatu, kaa, tuanze tiba.

Dozi ya kwanza ni kuchunguza kamera. Ukiwa nje, kamera ya gemu hii haizunguki. Hutazama kaskazini tu, na kila nyumba imeelekeza mlango kusini. Mjenzi hodari hupanga kila kitu kwa ajili ya jicho hilo moja. Kwa hiyo ukifika kisiwa cha watu usigande pale mwenyeji alipotaka ugande. Zunguka nyuma ya genge. Mimi, nyuma ya maporomoko ya maji yaliyokaribia kunitoa machozi, nilikuta mashoka yaliyotupwa ovyo na kiraka cha magugu ambacho koleo halijakigusa. Nilimpenda yule mjenzi zaidi baada ya hapo. Kumbe naye ana uani kwake.

Dozi ya pili ni hesabu, na hii imeze hata kama ni chungu. Ruhusa ya kuchonga ardhi huipati mpaka kisiwa kifikishe nyota tatu za ubora na mwanamuziki K.K. Slider aje kuimba. Ukishaipata, unachonga mraba mmoja mmoja. Kuhamisha nyumba ya mkazi ni Bells 50,000, pesa za gemu, na Tom Nook, msimamizi wa kisiwa, hakuhamishii zaidi ya jengo moja kwa siku. Daraja nalo hungoja kesho yake. Sasa kitazame tena kile kisiwa kilichokunyima usingizi: nyumba kumi za wakazi zimepangwa mstari, duka limesogezwa, mto umekunjwa. Hiyo ni kazi ya miezi na miezi. Wewe umeilinganisha na Jumanne yako.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kuna kitu nilikipoteza. Kwenye kisiwa changu kulikuwa na kilima kidogo chenye mchungwa mmoja. Sherb, yule mbuzi mvivu wa rangi ya samawati, alikuwa na tabia ya kuja kukaa chini yake na kula vitafunio vyake. Niliona ndoto ya mtu yenye soko la mawe, nikarudi nikakisawazisha kilima chote ili nami nipate soko. Nilichonga jioni tatu. Soko halikuisha, palibaki uwanja wa udongo, na Sherb akawa anapita tu pale bila kukaa. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi mbacha wangu niliuchana kwa mkono wangu, na bado unaniuma.

Kwa wasomaji wa Dar es Salaam kuna dozi ya ziada. Gemu hukuuliza uchague kaskazini au kusini mwa dunia. Ukichagua kusini, kama ramani inavyotaka, miti yako hugeuka ya waridi kuanzia tarehe 1 hadi 10 Oktoba. Wa kaskazini hupata waridi hiyo hiyo tarehe 1 hadi 10 Aprili. Basi Aprili picha zao zikimiminika kwenye simu yako, usidhani kisiwa chako kina kasoro. Zima simu, ngoja zamu yako.

Na nyota tano? Zitafute ukipenda. Isabelle, msaidizi wa Tom Nook, atakuambia waziwazi kinachopungua, na ukizipata, ua dogo jeupe lenye umbo la kengele litachipua pembeni mwa genge. Baada ya hapo gemu haina cheo kingine cha kukipa kisiwa. Wakazi wako wala hawakungoja nyota: wameshaanza kumwagilia maua yako na kuimba uwanjani.

Ukitaka kuiga, iga. Chukua jambo moja tu, uzio au njia ya matofali, ulisogeze karibu na kitu ambacho tayari unakipenda. Mimi nimerudisha kilima. Hakifanani na kile cha kwanza, lakini nimepanda mchungwa juu yake.

Leo usiku usijilaze kitandani. Shuka ufukweni, ukae kwenye kile kiti chako.