Sifa za "Niko Njiani"

"Niko njiani" ni jibu la simu linalotaja mahali bila kusema ni wapi, na wakati bila kusema saa ngapi. Hutolewa na mtu anayesubiriwa, kwa sauti ya haraka, na husindikizwa na ushahidi wa kusikika: honi, upepo, au bomba la maji ikiwa msemaji bado yuko bafuni. Wapinzani wake hudai kwamba ni uongo. Dai hilo ni dhaifu, kwa sababu kila aliye hai yumo katika safari fulani, na jibu lenyewe halikuahidi ni ipi.

Jibu hili lina madaraja. "Niko njiani" tupu huonyesha kwamba viatu vinatafutwa. "Niko njiani naja" huonyesha kwamba vimepatikana. "Nakaribia" ni la mtu aliyekwisha kuagana na watu wa nyumbani kwake, na "nimefika" huanza kutumika tangu paa la mahali pa miadi linapoonekana kwa mbali. Mwenyeji mzoefu hulisikiliza daraja ndipo abandike chai.

Masaka, katika wilaya ya Kicukiro upande wa mashariki wa Kigali, ni mahali pazuri pa kulitazama jibu hili likiwa kazini. Mkazi anayesubiriwa mtaa wa Remera hulisema kwa Kinyarwanda, "ndi mu nzira", na hilo ni la kawaida tu. Fahari ya jibu hili hasa iko kwa madereva wa malori, wanaolisema kwa Kiswahili. Hapo Masaka ndipo ilipo bandari kavu ya Kigali Logistics Platform, inayoendeshwa na DP World na iliyozinduliwa rasmi Oktoba 2019. Rwanda haina bahari. Bandari ya Dar es Salaam iko umbali wa kilomita 1,500 hivi, na Mombasa ni mbali zaidi, kwa hiyo saruji, mchele na matairi hukaa barabarani siku kadhaa kabla ya kukaa dukani. Katika siku hizo zote mwenye mzigo hupiga simu, na katika siku hizo zote hujibiwa kitu kimoja, tena cha kweli.

Ubora wa jibu huonekana zaidi Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda. Saa za Rwanda ziko nyuma ya zile za Tanzania kwa saa moja, na Wanyarwanda huendesha magari upande wa kulia wa barabara. Dereva anayevuka daraja la Rusumo hubadilisha upande, saa na sarafu. Asichobadilisha ni jibu la simu. Laiti angetaja muda kamili, ingebidi kwanza aulizwe ni muda wa ng'ambo ipi. "Niko njiani" huvuka bila kukaguliwa, na tena hupata saa moja ya bure.

Wanaotoka Mombasa kupitia Kampala wana neema ya ziada. Barabara yao hupita katika mji wa Masaka, wa Uganda, uliobakiza zaidi ya kilomita 300 kabla ya Kigali. Dereva anayesema "niko njiani, nimeshafika Masaka" husema kweli tupu, na wakala wa forodha anayekimbilia langoni kumpokea hana wa kumlaumu ila waliozipa sehemu hizo mbili jina moja.

Adui mkubwa wa jibu hili alikuja mwaka 2017. Mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kufuatilia kwa pamoja mizigo inayopita nchi zao, kwa sili za kielektroniki zinazotoa taarifa lori likiacha njia yake au kontena likifunguliwa. Mwaka huohuo WhatsApp ikaleta uwezo wa kuonyesha mahali mtu alipo dakika kwa dakika, na miadi ya kawaida nayo ikawa na sili yake. Haki inataka itajwe pia kwamba mwaka huo Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, hivyo jibu lilipata heshima palepale lilipoanza kupelelezwa. Halikufa. Sili hujua lori liko wapi, lakini haijui kwa nini limesimama, na nafasi hiyo ndogo inatosha: "Niko njiani, nipo kwenye foleni ya mizani."

Kule Masaka ya Kigali, bandari kavu ina jirani mmoja asiyeweza kulifurahia jibu hili. Kiwanda cha maziwa cha Inyange kinapokea bidhaa ambayo haikai njiani kwa hiari. Maziwa yaliyochelewa hujieleza yenyewe kabla dereva hajafungua mdomo.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa kampuni za meli. Kontena likishapakuliwa lazima lirudi tupu bandarini ndani ya siku zilizokubaliwa, la sivyo kila siku ya ziada hulipiwa. Jibu lilelile basi hugeuzwa kuelekea Dar es Salaam, kwa sauti ileile ya haraka. Lakini kampuni ya meli haibandiki chai wala haigombani na mtu. Husikiliza, hukubali kwamba kontena liko njiani, kisha huongeza siku hiyo kwenye ankara.