Besi Ilipohamia Kebirigo

Bonasi ya majani chai hulipwa Oktoba, na katika nyumba nyingi za Nyamira huwa imeshagawanywa kwa maneno tangu Agosti. Kwetu, upande wa Kebirigo, mama watoto alikuwa ameitengea karo na tangi la maji la lita 2,300. Kitakachobaki nilikiomba mimi, ninunue gitaa la besi. Ombi hilo lilikuwa la zamani. Kila Oktoba liliwekwa kando, mara kwa ajili ya ng'ombe, mara kwa ajili ya mabati. Mwaka huo alikubali, akaweka masharti. Fedha za tangi zisiguswe. Besi isilale chumbani. Na kwa kuwa nyumba yetu ni ya Kisabato, jua la Ijumaa likizama inyamaze mpaka jua la Jumamosi lizame. Nikayapokea yote.

Mapenzi yangu kwa nyuzi hizo nne yalitoka redioni. Bendi ya Simba Wanyika ilipogawanyika mwaka 1978, Les Wanyika wakazaliwa, wakatupa "Sina Makosa", na nchi nzima ikashika maneno. Mimi nilipousikia wimbo huo utotoni nilishika besi ya Tom Malanga. Naamini mpaka leo kwamba ukiitoa besi ile, wimbo wote unaanguka. Benga nayo, iwe ya D.O. Misiani au ya Christopher Monyoncho wetu aliyeimba kwa Ekegusii, haimfichi mpiga besi. Humpa nafasi apande, ashuke, ajibizane na gitaa la solo. Wako wanaosema solo ndiyo benga. Sikubaliani nao. Anayeinua miguu ya watu kwenye harusi za Ogembo na Nyansiongo ni mpiga besi, hata kama hakuna anayelijua jina lake.

Besi yangu niliipata Nairobi, kwa mwanamuziki aliyekuwa akiacha kazi ya bendi. Pamoja na amplifaya kuukuu ilinigharimu shilingi 32,000. Umbo lake ni lile ambalo Leo Fender alilitoa California mwaka 1951. Kabla ya hapo mpiga besi alibeba chombo kirefu kumshinda mwenyewe, kisicho na freti, akiitafuta sauti kwa sikio na kidole. Fender aliifanya besi ivaliwe begani kwa mkanda, akaitia freti, na ndiyo sababu akaiita Precision: bonyeza mahali pake, sauti itoke sawasawa. Niliinua kichwa chake hadi usawa wa jicho nikaitazama shingo yote kwa urefu kuona kama imepinda. Nikabonyeza kila uzi kwenye kila freti. Nikazungusha vifundo vyote, nikisikiliza kama vinakwaruza. Ilikuwa nzima.

Amplifaya iliingia buti. Besi dereva alitaka aifunge juu ya keria, nami nikalipa nauli ya kiti cha pili, nikaikumbatia kupitia Narok na Bomet. Tulipofika Sotik mvua ilikuwa inamwagika kwa ndoo, na nauli ile ya ziada sijaijutia hadi leo.

Misukosuko ilianza jioni ya kwanza. Niliiweka amplifaya pembeni mwa sebule, nikasimama katikati, nikapiga uzi mnene kuliko yote. Nilichosikia kilikuwa kidogo mno, nikaongeza sauti. Kabati la vyombo likaanza kutetemeka. Misumari ya mabati ikaitika huko juu. Magokoro, nyanya yangu mzaa baba, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na ukuta, akashika mikono ya kiti kwa nguvu. "Omwana one," akasema, "kiti changu kinaongea." Kisha sahani mbili za udongo, zile za wageni, zikatoka kabatini zikaja sakafuni.

Mama watoto hakupaza sauti. Alizoa vigae, akachukua utepe wake wa kushonea nguo, akapima sebule. Mita nne na sentimita kumi na tano kati ya ukuta na ukuta. Kijana wetu, ambaye wakati huo alikuwa akisoma fizikia, akafanya hesabu juu ya kifuniko cha daftari. Uzi mnene wa besi hutetema mara 41 kwa sekunde. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Basi wimbi moja la sauti hiyo lina urefu wa mita nane na zaidi kidogo, na nusu yake inalingana na sebule yetu. Chumba cha namna hiyo huipokea sauti ikarundikana kwenye kuta, na katikati ikafifia. Mpigaji aliyesimama katikati hasikii kitu, na bibi aliyeketi ukutani anabeba mzigo wote. Mama watoto akaitoa amplifaya pembeni, akasogeza kiti cha Magokoro, akaweka vitambaa kati ya sahani zilizosalia. Sauti ikawa ya kibinadamu. Hata hivyo hukumu yake ilikuwa imeshatoka: besi ihamie saiga, nyumba ya vijana nyuma ya migomba.

Huko ilistarehe hadi shule zilipofungwa. Desemba ndio msimu wa tohara kwetu, na mwaka huo saiga yetu iliwapokea vijana wa ukoo. Nyumba yenye vijana wa tohara haiingiwi ovyo, wala haipigiwi muziki wa mtu mwingine. Besi ikatolewa. Chumbani haikuruhusiwa, sebuleni hapakuwa na nafasi kwa sababu wageni walikuwa wengi, na ghala lilikuwa na panya.

Magokoro ndiye aliyeihifadhi. Aliipandisha juu ya jiko la kuni, kwenye dari ya fito ambako yeye huweka mbegu za mahindi na vitu asivyotaka viharibike. Kwa akili yake hapo ndipo mahali salama kuliko pote: hapana panya, hapana unyevu, hapana mtoto anayefika. Na kwa mahindi ni kweli. Mbao za besi zilikauka mpaka zikanywea. Ncha za freti zikachomoza pande zote mbili za shingo, zikawa zinakwaruza kiganja. Shingo ikarudi nyuma, nyuzi zikalalia freti za mwanzo, na kila sauti ikatoka na mlio wa nyuki. Juu ya yote hayo ilinuka moshi. Bado inanuka, na harufu hiyo nimeipenda.

Ndani ya shingo ya besi kuna chuma kirefu kinachoshindana na mvuto wa nyuzi, na mvuto huo si mchezo. Chuma hicho hukazwa na kulegezwa kwa ufunguo wa pembe sita. Wangu haukuwepo, lakini fundi wa boda boda pale Kebirigo alikuwa na seti nzima, na ukubwa mmoja ukaingia barabara. Alitaka kuzungusha kwa nguvu aliyoizoea kwenye pikipiki. Nilimshika mkono. Chuma hiki huzungushwa robo tu, kisha chombo kinaachwa kipumzike hadi kesho yake, mbao zipate kufuata. Tulikilegeza, shingo ikainama mbele kidogo inavyotakiwa, nyuki wakaondoka. Ncha za freti tulizilainisha kwa tupa. Mvua za Machi zilipoanza mbao zikanywa unyevu, shingo ikainama kupita kiasi, nyuzi zikapanda juu, na safari hii tukakaza. Nyanda zetu hazina ukame wa kutajika na unyevu haukosi, kwa hiyo mwenye besi huku Gusii awe na ufunguo huo nyumbani.

Kisa cha sufuria kilitokea katika mvua hizohizo. Nyuzi za besi zimezungushiwa waya mwembamba, na katika mifereji ya waya huo hukusanyika jasho na mafuta ya vidole, mpaka sauti inakufa. Seti mpya ni ghali na haipatikani kila soko. Kijana wetu alisikia kwa wanamuziki kwamba nyuzi zilizochoka huchemshwa, na ni kweli: maji ya moto huyatoa yale mafuta, uzi ukikaushwa vizuri sauti hufufuka kwa muda. Alizifungua nyuzi, akazikunja, akaziweka jikoni katika sufuria aliyoikuta imeoshwa. Kisha akaitwa shambani kuchuma majani.

Mama watoto alirudi kutoka sokoni, akaona sufuria yake ya mboga ikitokota juu ya moto na kifuniko kikicheza. Chinsaga, mboga yetu ya majani, huchemshwa kwa muda mrefu kwa sababu ina uchungu, na mwisho hutiwa maziwa. Alichukua maziwa ya jioni, akafunua, akamimina. Mvuke ulipotawanyika akaona vyuma vinne vimejiviringisha ndani ya maziwa ya ng'ombe wake.

Siku hiyo hakukuwa na chai ya jioni wala mboga, na kijana alilala mapema bila kuambiwa. Mimi nilikwenda Keroka Jumapili yake nikanunua sufuria kubwa zaidi ya ile ya zamani, na ile ya zamani ikabaki ya nyuzi. Hakuna aliyeiweka tena jikoni.

Kisha umeme. Usiku mmoja wa radi stima ilipotea, ikarudi kwa kishindo, na amplifaya ikatoa moshi kabla mtu hajaifikia soketi. Fundi wa redio alibadilisha fyuzi na transista za mwisho, lakini vipuri vilichukua muda mrefu kufika. Sasa kila wingu likikusanyika mtu hukimbia kuchomoa waya, na mara nyingi anayekimbia ni mama watoto.

Katika muda huo wa ukimya nyumba yetu ilipata jambo ambalo amplifaya isingetupa. Besi ya umeme isiyo na umeme husikika kwa mpigaji peke yake. Ila kichwa chake kikigusishwa kwenye ubao mpana, ubao huo hupokea mtetemo na kuutoa nje. Ubao mpana tuliokuwa nao ni mlango wa mbele. Nikawa naketi ndani jioni, kichwa cha besi kikiegemea mlango uliofungwa, napiga polepole.

Kwa msomaji asiye wa Gusii lazima nieleze chinsoni, heshima yetu kati ya mzazi na mtoto. Baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Nyanya na wajukuu huingiliana watakavyo, wakataniana, lakini baba na mwana wana mpaka, na mlango wangu ni mpaka huo. Baba yangu anapokuja huketi nje, kwenye benchi la barazani. Tangu besi ifike hakuwahi kusema neno juu yake. Jioni moja alikuwa ameegemeza mgongo kwenye mlango akingoja uji, na muziki wote ukampitia mgongoni.

"Momura one," akasema kutoka nje, "huo mnene unauharakisha. Uache umalize kusema."

Nilinyamaza. Nikarudia polepole. "Naam," akasema. "Sasa rudi mwanzo."

"Nimesikia, Tata."

Ujanani baba yangu alipiga obokano, zeze kubwa la Abagusii lenye nyuzi nane, bakuli lake la mti limefunikwa ngozi ya ng'ombe. Waluo wana nyatiti yenye nyuzi nane pia, lakini obokano ni kubwa zaidi na sauti yake iko chini kabisa, nzito, yenye mvumo. Wataalamu wa muziki wameifananisha na besi kubwa ya okestra. Mpigaji huketi, huchopoa nyuzi kwa mikono miwili, na ndiye huyohuyo anayeimba. La baba lilikuwa limening'inia miaka mingi, ngozi imeliwa na panya, nyuzi hakuna.

Nisingeweza kujipeleka kwake nikamkalia chini kama mtoto mdogo, ila kijana wetu angeweza. Babu na mjukuu hawana mpaka. Walitafuta ngozi, wakailoweka, wakaivuta ikiwa mbichi, wakaianika. Zamani nyuzi zilikuwa za mishipa ya ng'ombe. Wao walitumia nailoni ya kuvulia samaki. Obokano halina sauti iliyowekwa na kiwanda, hufuata koo la mwimbaji, na koo la baba limeshuka kwa umri. Basi besi ndiyo iliyoinama: tulilegeza nyuzi zake zote mpaka zikakutana na sauti ya mzee. Amplifaya iliporudi nilikuwa sina haraka nayo. Baba hupiga barazani, kijana huketi kizingitini, mimi hukaa ndani, na mama watoto amesogeza cherehani karibu na dirisha.

Ukiipata bonasi yako nawe unaitamani besi, kanunue, usingoje Oktoba nyingine. Tazama shingo kabla ya kutazama rangi. Pima sebule. Nunua ufunguo wa pembe sita na sufuria ya pekee, na wingu likitanda chomoa waya. Na kama katika ukoo wenu yuko mzee aliyewahi kupiga obokano, mpelekee mjukuu wake mwaka huu, angali na nguvu za kuvuta ngozi.