Madihi ya Kutu

Washairi wamewasifu wafalme wasiostahili, wakausifu mnazi, na jahazi, na hata sahani ya pilau. Lakini mimi, tangu nilipoanza kupambanua alifu na be, sijapata kumsikia mtu aliyesimama mbele ya hadhara akaisifu kutu. Nami kwa kuwa nimekaa nayo miezi 14 chini ya mwembe wa nyumbani kwangu, nikiamka nayo na kulala nayo, naona ni wajibu wangu kulilipa deni hilo kabla sijafa, au kabla yenyewe haijalimaliza gari langu.

Sikusudii kutu yoyote tu. Ile inayokula mabati na mapipa ni ya watu wote, na kila mwenye nyumba hapa pwani, ambako upepo wa bahari huingia na chumvi yake bila kupiga hodi, anaijua vya kutosha. Niisifuyo mimi ni kutu makhsusi, isiyozidi upana wa ukucha, iliyojificha baina ya ncha ya waya mweusi na bodi ya gari, pahala ambapo mafundi wetu hupaita ethi, na wenye lugha fasaha hupaita ardhi. Gari lenyewe ni Morris Minor 1000 ya mwaka 1959, nililolinunua Tanga. Ni katika ukoo ule uliobuniwa na Alec Issigonis, ukaonyeshwa London mwaka 1948, ukaundwa Cowley mjini Oxford hata idadi yake ikapita milioni moja na nusu: gari la umbo la mkate wa bofulo, lenye vimkono viwili vya ishara vinavyochomoza kwenye nguzo za milango mithili ya mtoto wa chuoni anayeomba ruhusa ya kutoka nje.

Basi fadhila kuu ya kutu hii, ambayo kwayo peke yake ingestahili kujengewa kuba, ni kuunga udugu. Waya katika gari hupewa kazi moja tu, na hukaa humo tawa maisha yake yote: wa kahawia hutoka moja kwa moja kwenye betri, mweupe hulisha koili, wa kijani wenye mstari wa zambarau huwasha taa za breki, mwekundu huwasha taa ndogo za nyuma na taa ya namba, na mweusi, mnyonge wa wote, huurudisha mkondo kwenye bodi ili uende zake kwa betri ulikotoka. Huo ni upweke, msomaji. Uzi wa breki na uzi wa taa ndogo hukaa ndani ya glopu moja, chini ya kioo kimoja, pasi na ukuta baina yao, na zaidi ya miaka 60 hawajapata kuulizana hali.

Ndipo ikaja kutu. Ikauziba mlango wa ardhi taratibu, bila ugomvi, hata siku moja mkondo ukatoka kwenye betri kwa adabu zake zote, ukapita katika uzi wa breki wa wati 21, ukafika mlangoni ukakuta pamefungwa. Mgeni aliyefungiwa afanye nini? Ukamgeukia jirani, uzi mdogo wa wati 6, ukapita humo kinyumenyume, ukashika waya mwekundu, ukaenda kuijulia hali taa ya namba, ukavuka hadi taa ndogo ya upande wa pili, na huko, alhamdulillahi, ukapata ardhi iliyo salama ya kurudia kwao. Kwa hiyo kila mwanangu akikanyaga breki, nami nimechuchumaa nyuma ya gari gizani, breki yenyewe haiwaki, bali jamaa wote hupewa habari, kila mmoja akang'aa kidogo kidogo, kama watu kumi waliogawana sahani moja ya wali: hapana aliyeshiba, wala hapana aliyelala na njaa. Nimehudhuria arusi nyingi na matanga mengi, na sikuona mahali ambapo ukoo umekutana kwa upesi namna ile.

Wala haikuishia hapo. Injini ya gari hukaa juu ya mipira, nayo haiwezi kufika kwenye bodi ila kwa waya wake mnene. Na kutu, isiyopenda kubagua, ikaupitia na huo. Stata, ambayo huvuta ampia zaidi ya mia, ikakosa njia, ikaurudisha mkondo wake kupitia kebo nyembamba ya choki, kitu kilichozaliwa kuvutwa tu asubuhi na kusahauliwa mchana kutwa. Ni nani mwingine aliyepata kumpandisha cheo mtumishi dhalili namna hiyo? Kebo ilitoa moshi mkononi mwangu kwa furaha, na alama ya heshima ile ninayo kidoleni hata leo.

Sifa nyingine nazitaja kwa mkato. Huokoa petroli. Humweka mzee nyumbani, asizurure. Mwizi akija, hulazimika kurudi kwao kwa miguu. Tena hukumbusha dua zilizosahauliwa.

Na ni fedhuli, baradhuli, haina haya! Miezi 14 mtu mwenye wajukuu alale chali juu ya gunia, machujo yakimdondokea machoni, jirani wakipita na kuuliza kwa sauti tamu, "Bado, mzee?", kwa ajili ya uchafu ambao ungetoka kwa kusugua muda usiotosha hata kuchemsha chai! Lakini astaghfirullahi, nilikuwa nasifu.

Nasema basi kuwa kutu, kwa aibu zake zote, haikuniongopea hata siku moja, na hilo siwezi kulisema juu ya waliokuja kuitibu. Fundi wa kwanza aliipiga honi mara moja, akainamisha kichwa kama tabibu, akasema, "Mzee wangu, hii ni dainamo." Nikanunua dainamo. Wa pili akasema ni betri, akaleta mpya, akaifunga kinyume, maana magari ya siku hizi hupeleka hasi kwenye bodi, ilhali hili langu, kwa desturi ya wakati wake, hupeleka chanya. Nilipomwambia akacheka kwa huruma, akawasha, na kabla ya kicheko kwisha platini za katauti, kiungo cha dainamo na betri, zikaanza kugongana na kuungua. Wa tatu hakusema neno. Alivuta waya mpya mwekundu toka mbele hadi nyuma, na kesho yake mwingine mwekundu, na mtondo wa tatu mwekundu, hata gari lenye fyuzi 2 tu tangu kuumbwa kwake likawa na matumbo ya ngamia. Wote watatu walipokea ijara. Wote waliuliza umeme unatoka wapi, na hapana hata mmoja aliyeuliza unarudi wapi. Na neno "sijui", ambalo wanazuoni wakubwa walilitamka bila ya kupungukiwa, kwao lilikuwa zito kuliko injini.

Aliyeigundua ni mimi, si kwa elimu bali kwa kukata tamaa. Nilichukua kipande cha waya, ncha moja nikaishika kwenye kikombe cha taa, ya pili kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi, nikamwambia mwanangu kanyaga, na breki ikawaka nyekundu kama kaa la mkaa. Hesabu yake mtoto wa shule aiweza: taa ya mbele ya wati 36 katika gari la volti 12 huvuta ampia 3, na kutu ikiweka ukinzani wa omu 1 tu njiani, taa haibakiwi hata na volti 10. Hakuna kilichokufa humo. Kuna kilichozuiliwa kurudi.

Na hapo nikakumbuka nimepata kuiona hali hii mahali pengine. Iko ofisi moja, jina lake silitaji, ila neno ardhi limo ndani yake na mkosi huo sikuutunga mimi, ambako mwaka wa tano sasa nafuatilia hati ya kiwanja cha marehemu baba yangu. Faili halikupotea, hasha, kila niulizapo huambiwa kwa upole, "Limekwenda mbele, mzee." Mbele wapi? "Mbele tu." Nimeona wakibadilisha meza, wakabadilisha kompyuta, wakabadilisha bwana wa dirishani mara mbili, na kila badiliko lilikuja na ada yake, nami nikalipa kama nilivyoilipa dainamo. Mwaka jana niliandika barua ya taadhima, kurasa mbili, nikiuliza habari za hati. Na baada ya siku 40 likaja jibu kutoka idara ya maji, likinitaka nilipe deni la bomba katika nyumba ambayo sijapata kuikanyaga. Wengine wangekasirika. Mimi niliyesomeshwa na kutu nikaitambua mara moja taa ya namba, nikajua kwamba barua yangu ilikuta mlango umefungwa ikapitia kwa jirani.

Juzi nimeisugua ile ardhi ya gari kwa msasa hata chuma kikang'aa, nikaifunga kwa nati mpya na kuipaka grisi. Nikikanyaga breki sasa, breki huwaka peke yake, na ukoo wote umelala. Jumatatu nimeambiwa niende dirisha namba 4. Msasa haukwisha, kipande kilichobaki nimekikunja, nimekitia katika mfuko wa kanzu.