Sifa za Tetere, Mchenjuaji Asiye na Leseni

Njiwa mweupe ameshapata haki yake: yuko kwenye kadi za harusi, yuko kwenye safina ya Nuhu. Mimi nimekuja kumsifu tetere, mwizi wa mpunga na fundi mbovu kuliko wote kutoka Shinyanga mpaka Geita. Mtu anayetukanwa kila siku na shangazi yangu lazima awe na jambo kubwa.

Umbo lake mnalijua. Sentimita 25 hivi, mkia ukiwemo. Mgongo wa hudhurungi, kifua cha waridi kavu, ubawa wenye kijivu cha samawati, na kooni mkufu wa madoadoa meusi. Pale Katoro, kwenye machimbo ya Geita, kijana akiuza gramu mbili tatu za dhahabu hukimbilia cheni ya shingoni, na mwezi haujaisha cheni iko rehani. Ya tetere haiwekwi rehani. Na sauti! Pugi, ndugu yake mdogo, watu husema analia kwa kufiwa na mama, baba na ukoo mzima. Tetere anacheka. Wazungu nao walimsikia hivyohivyo, wakamwita njiwa anayecheka. Anacheka alfajiri, anacheka jua la saa saba, anacheka ukiwa unahesabu magunia yaliyopungua.

Kwa ujenzi hana mpinzani. Mwaka jana mmoja alijenga juu ya taa ya baraza, nyumbani kwa shangazi, Shinyanga mjini. Nilipanda kiti nikahesabu vijiti: 23. Ukisimama chini uliyaona mayai mawili meupe kupitia sakafu ya kiota. Mchimbaji akishuka duarani, shimo la dhahabu, bila matimba ya kushikilia kuta, tunamwita mwendawazimu. Tetere akilaza uzao wake juu ya vijiti 23 tunamwita ishara ya amani. Upepo ulipita, yai moja likaanguka kwenye ndoo ya maji. Mama mtu alilitazama kidogo, akarudi kulalia lililobaki. Hakuunda kamati. Siku kama 14 hivi, mume na mke wakipokezana zamu, kinda akatoka, na wote wawili wakamlisha uji mzito unaotengenezwa kwenye mfuko wa kooni. Baba anayenyonyesha! Nioneshe mwingine katika mtaa ule.

Ila ustadi wake mkubwa uko tumboni. Mbegu anazimeza nzimanzima, halafu anaokota vichangarawe, navyo anavimeza. Kazi yote inafanywa na firigisi: inasaga mawe kwa nafaka usiku na mchana, haina dizeli, haina fundi wa mkanda, haina kelele. Hiyo ni karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, ndugu zangu, na haihitaji tone la zebaki. Serikali za dunia zilikaa zikaandika Mkataba wa Minamata mwaka 2013 ili zebaki ipungue. Tetere alikuwa ameshautekeleza kabla wino haujakauka. Tena anaishi kwa marudio, masalia ya wengine. Mwenye mpunga akimaliza kupepeta, yeye ndipo anaanza, na kwenye vumbi lile tulilokwisha kulitupa anapata siku yake.

Shangazi haafiki. Anaanika mpunga kwenye turubai uani, anakaa kwenye kigoda, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi.

“Mwanangu, usiniambie marudio,” alinijibu. “Huyu anakula wa kwangu kabla sijaupepeta.”

Kandambili ikaruka. Tetere akarudi nyuma hatua nne, akaangalia pembeni kama mtu anayesubiri basi, akaendelea.

Adabu yake mezani nayo ina neno. Kuku akinywa maji huinua kichwa, watu husema anamshukuru Mungu. Tetere anachovya mdomo na kufyonza moja kwa moja mpaka kiu iishe, shukrani baadaye. Mla mbegu kavu hawezi kukaa mbali na maji, ndiyo maana kiangazi utamkuta kwenye kila bomba linalovuja. Bahati mbaya bwawa la sayanidi la kuchenjulia dhahabu nalo linang'aa kama maji mengine, na hapo hakuna kicheko.

Ukoo wake mnauona mdogo kwa sababu anashinda uani kwenu. Tetere huyuhuyu yuko Uarabuni, yuko India. Na binamu yake wa karibu, mwenye kola nyeusi yenye nukta nyeupe kisogoni, ametapakaa kutoka India mpaka Indonesia. Mwaka 1898 tetere waliachiwa kwenye bustani ya wanyama ya Perth, Australia, na wajukuu wao bado wanaokota makombo barabarani kule. Hapa kwetu Shinyanga miti ilifyekwa enzi za kupambana na ndorobo, nchi ikabaki uwazi. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986 na wazee wakarudisha ngitili, malisho yanayotengwa yapumzike, sifa zilifika mpaka Umoja wa Mataifa, tuzo ikaja mwaka 2002. Tetere hakuhudhuria mkutano hata mmoja, wala hakupanda mche. Alihamia tu kwenye migunga, na ua wa minyaa akaufanya kambi.

Kuna Jumapili vijana wa jirani walimpata mmoja kwa manati. Walipompasua, mjomba, aliyekaa miaka mitatu kwenye maduara ya Nyarugusu na kurudi na kikohozi, aliomba firigisi kabla haijatupwa. Aliichana kwa wembe, akasuuza vichangarawe kwenye kisosi, akakizungushazungusha polepole kama karai, akikitega kwenye jua. Mawe meupe, punje za mtama, na kitu kimoja kidogo kilichometa. Alikigusa kwa ncha ya kidole kilicholowa. Sote tulinyamaza, hata shangazi.

“Huyu,” mjomba aliwauliza wale vijana, “mmempigia wapi?”