Bwana Kiwanda

Kijana wetu kafungua kampuni ya kuchapa fulana. Cheo kilitangulia, mkurugenzi mtendaji. Vifaa vikafuata: fremu ya mbao, kitambaa cha wavu, raba ya kuvutia wino. Dawa ya kupaka skrini haitaki mwanga, basi choo cha nyumba nzima kimekuwa chumba cha giza. Wapangaji wabane tu, sanaa inakauka. Filamu yenye maandishi kailaza kinyume juu ya skrini, fulana za kamati ya harusi zikasomeka kutoka kulia. Ni mtindo, akasema, asiyeelewa atafute kioo. Wino ulitaka kupigwa pasi ushike. Umeme wa LUKU ukaisha katikati. Zilipofuliwa, jina la bwana harusi likaenda na maji, la bibi harusi likabaki. Mama mzaa bibi, nasikia, kaagiza nyingine.