Namna ya Kuunda Merikebu ya Mreno Bila Kukata Kidole

1. Chagua chombo ambacho hakuna wa kukusuta nacho. Usijitie kuunda jahazi la maonyesho. Mji wa Kale wa Mombasa bado una wazee ambao wakiona foromali imekaa upande watakutoa kasoro kabla ya salamu. Unda Santo António de Tanná, ile manowari ya Wareno iliyokuja kuwasaidia wenzao waliozingirwa na Waomani ndani ya Fort Jesus tangu Machi 1696, ikazama Oktoba 1697 chini ya kuta zile zile ilizokuja kuziokoa.

Ipo hapo hapo hadi leo. Kuanzia 1977 hadi 1980 wazamiaji wa kigeni pamoja na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya waliifukua, wakatoa vitu kwa maelfu, wakazipima mbao zake, kisha gofu wakaliacha baharini. Sasa sikiliza utamu wenyewe: kilichosalia ni tumbo. Milingoti, matanga na sitaha za juu vilikwenda na maji zamani. Yaani sehemu inayojulikana kwa hakika ndiyo asiyoitazama mgeni, na ile anayoitazama hakuna aliye hai aliyepata kuiona. Bahati kama hii, ndugu yangu, haibishi hodi mara mbili.

2. Usianze na gogo. Gogo ni la mafundi. Nenda Ndia Kuu kwenye maduka ya vinyago, ununue jahazi dogo lililokwisha kuchongwa. Liwe jahazi, si dau: jahazi limekatwa bapa nyuma kama merikebu, dau limechongoka mbele na nyuma. Ukiulizwa ni la nani, sema ni zawadi ya mkweo. Likifika nyumbani, ng'oa mlingoti na tanga, ushahidi uutie jikoni.

Moyo ukikusuta, kumbuka kwamba hata Mreno hakutoka na merikebu hii kwao. Iliundwa Bassein, pwani ya magharibi ya India, mwaka 1681. Yeye alikuja na jina la mtakatifu, basi. Wewe utatia lako.

3. Milingoti ni vijiti vya mshikaki. Vioshe vizuri, ama inzi watakuumbua mbele za watu. Foromali zikae msalaba, maana hili si tanga la pembe tatu tulilolizoea. Matanga yatoke kwenye kanzu kuukuu uliyoiloweka ndani ya turungi nzito mpaka iwe na rangi ya karne tatu. Kushona hujui? Yakunje yote, uyafunge kwa uzi, useme merikebu imetia nanga. Tanga lililokunjwa halina mshono wa kukosolewa.

4. Mizinga. Hapa watu hupoteza mwezi mzima bure. Kata mirija ya kalamu, paka rangi nyeusi, bandika upande mmoja, ule unaotazama mlango. Upande wa pili upe ukuta. Watu wazima hawahesabu mizinga, huguna tu na kutikisa kichwa. Mtoto ndiye atakayehesabu. Akiuliza mbona ni michache, mwambie mingine iliteremshwa kwenda kulinda ngome. Vita ilikuwa kali, na yeye hakuwapo.

Mabaharia usiweke hata mmoja. Kwa kipimo cha 1 kwa 100, mtu wa mita 1.7 anakuwa wa milimita 17, na ukishamsimamisha mtu huyo kila kitu kitapimwa kwake: mlango atashindwa kuupita, mzinga utamzidi kimo. Sitaha tupu haisemi. Mabaharia wamekwenda kula.

5. Usukani ukikataa kukaa, utupe. Merikebu ya kweli nayo iliupoteza usukani wake kabla ya kuzama. Ukiuacha, huo si uvivu, ni utafiti.

6. Paka sifa kidogo chini ya tumbo. Kidogo, nimesema. Mafuta ya papa yana harufu ambayo mtu wa pwani akiinusa huacha kuuliza maswali na kuanza kumkumbuka babu yake. Nakuomba usiipake siku ya posa.

7. Siku tatu kabla ya kuionyesha, funga bendeji kwenye kidole gumba uende nayo barazani. Usiseme neno. Pokea kikombe cha kahawa kwa mkono ule ule. Lazima atatokea kijana wa kukuuliza, "Ami, kidole kimefanya nini?" Jibu, "Kazi ya mbao, mwanangu," kisha geuza mazungumzo kwenye bei ya samaki. Mpaka Ijumaa mji mzima utakuwa umekuchongea merikebu yako.

Na siku akikukabili mtu uso kwa uso, "Ami, umeichonga kwa mkono?", sema, "Kwa mkono, wallahi, haikuguswa na mashine." Mkono wa nani, hakuuliza. Adabu ni kujibu ulichoulizwa.

8. Kuna mgeni mmoja wa kuogopwa: yule aliyewahi kufanya kazi makumbusho pale ngomeni. Huyo hatatazama matanga. Ataingia, atakusalimu vizuri, kisha ataiinua aigeuze, na kule chini ndiko kunakojulikana ubao kwa ubao. Kwa hiyo ipigilie misumari kwenye kibao chake, ufunike na kioo, ufunguo upotee.

Ukisikia yuko njiani na kioo hujanunua, usibabaike. Vunja milingoti, kwangua mizinga, ng'oa kila kilicho juu. Laza kilichobaki kwa ubavu ndani ya sinia la mchanga, uandike kwenye karatasi: "Santo António de Tanná, kama ilivyo leo." Atakushika mkono, atakuita mtaalamu. Ila mchanga usiufanyie ubahili, uufikishe hadi ukingoni, maana tumbo bado ni la jahazi.