Namna ya Kushindwa Dini na Kupumzika

Mpendwa wa Kimbiji, sogea nikupe njia ya mkato. Umechoka, naona. Ijumaa unapanda daladala, kisha pantoni, kwenda kukesha mjini. Jumamosi usafi wa kanisa, Jumapili ibada mbili. Katikati kuna mfungo, bahasha ya jengo, na ile ahadi uliyoitamka mbele za watu ukiwa umejaa furaha. Fuata haya.

1. Shindwa mapema. Andika kila sharti ulilopewa: suruali, wigi, hereni, fungu la kumi kabla ya makato, saa za kuomba kwa siku. Weka alama pale tu ulipotimiza bila kunung'unika. Karatasi ikibaki nyeupe, vizuri, uko tayari. Katika Mathayo 11 Yesu hakuwaita waliofaulu, aliwaita waliolemewa. Usiishie hapo kama wengi wanavyoishia. Sura ya 12 inafungua na wanafunzi wenye njaa wakivunja masuke siku ya Sabato, Mafarisayo wakilalamika. Yeye akawatetea wenye njaa.

2. Uliza sharti limetoka wapi. Uliza kwa adabu, lakini uliza. Yapata mwaka 49 mitume walikutana Yerusalemu kuamua kama watu wa mataifa watwishwe torati nzima. Petro alipinga: ile ni nira ambayo hata baba zao walishindwa kuibeba. Barua waliyoituma ilikuwa na makatazo manne. Manne tu! Matangazo ya Jumapili kanisani kwako ni marefu kuliko hayo.

3. Lala. Mama anayeamka usiku wa manane kuwahi mashua zikirudi, anunue samaki, akaange, auze, tayari amekesha. Asidaiwe mkesha wa pili. Ijumaa ikikukuta hoi, omba maneno machache ukiwa kitandani, kisha fumba macho bila woga. Marko anasimulia kwamba dhoruba ilipoipiga mashua ziwani, Yesu alikuwa shetri, amelala juu ya mto. Mwenye imani kuliko wote chomboni ndiye aliyekuwa usingizini.

4. Kula. Kufunga ni jambo jema mtu akifunga kwa hiari na mwili ukiruhusu. Una mimba, vidonda vya tumbo au dawa za kisukari? Kula. Na mtu akikuambia njaa ndiyo nauli ya mbinguni, chukua watoto wako uondoke siku hiyohiyo. Kule Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, waumini waliambiwa hivyohivyo, na miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023, ya watoto ikiwemo. Kanungu, Uganda, kundi lililojinadi kurejesha Amri Kumi liliwazuia waumini hata kuzungumza, wakaelewana kwa ishara. Machi 2000 mamia walikufa. Sharti linaloanza kumla mtu halijatoka kwa yule aliyesema nira yake ni laini na mzigo wake ni mwepesi.

5. Toa kwa kujificha. Najua unapenda kuonekana, sote tunapenda. Basi mpelekee elfu mbili jirani anayeuguza, bila bahasha wala jina. Faida yake utaiona papo hapo: hakuna wa kukulinganisha na mwenye laki.

6. Jiandae kuulizwa. Watasema umepoa kiroho. Usitunge safari ya Morogoro wala msiba wa shangazi. Sema, "Nililala, mpendwa," kisha nyamaza. Mchungaji akija kukufuatilia, mkaribishe, mpe chai na muhogo, usijitetee. Muulize yeye alilala lini vizuri. Asubuhi anahubiri, mchana anazika, usiku anaombea wagonjwa, na waumini wake humpigia simu saa nane za usiku. Mwaliko ule wa Mathayo unamhusu na yeye, ila nani amewahi kumwambia? Akijibu kwamba hakumbuki, mtandikie mkeka kivulini alale mpaka saa kumi, na simu yake uishike wewe.